Maisha ya mahandakini: mliokuwa vitani, na sisi tuliosimuliwa, tupeane uzoefu

Mleta mada

Wakuu, poleni na majukumu.

Vita ya Kagera, yetu na Idi Amin wa Uganda, tunaisimulia kwa hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, kwa mizinga, kwa Masaka na Kampala kuanguka. Zile siku za katikati, ambazo jeshi halisongi mbele wala halirudi nyuma, hazisimuliwi, na wenye nazo wanaondoka. Jenerali Musuguri aliyeongoza Divisheni ya 20 tulimzika 2024. Naumia nikifikiria ni mangapi yanazikwa hivyo bila mtu kuuliza. Aliyekaa handakini, au aliyesimuliwa na mzazi wake, aandike: mlilala vipi, mlikula nini, muda mliusukuma na nini?

Natangulia na ya baba. Alikuwa mgambo huko Usukumani, akachukuliwa na wenzake kipindi ambacho jeshi letu lilipanuka kutoka watu wasiofika 40,000 hadi zaidi ya 150,000. Anasema milio ya risasi aliizoea mapema; kusubiri hakukuzoeleka. Wakachimba bao kwenye sakafu ya handaki kwa ncha ya singe, mistari minne ya mashimo manane manane. Kete hakuna, wakaokota kokoto. Mvua ikinyesha mashimo yanajaa tope, asubuhi wanayachonga upya. Mpinzani wake alikuwa Mzaramo, na kwa kuwa ni watani, baba akifungwa alisemwa yeye na ukoo wake wote, na kukasirika haruhusiwi. Anaamini mpaka leo kwamba utani ndio uliowawezesha watu waliotoka pande tofauti za nchi kulala shimo moja bila kushikana mashati. Nami namwamini.

Koplo mstaafu, Bukoba

Asante kijana kwa kuuliza.

Daraja la Kyaka, la mto Kagera, lilipolipuliwa, sisi tulikaa upande wa kusini wa mto tukingoja amri ya kuvuka. Ilikuwa Novemba, na mvua ya Kagera mnaijua. Handaki la watu wawili linachimbwa mpaka likufike kifuani, na nafasi ya kulala ni ya mmoja, maana mwenzake lazima awe macho. Ukipata muda unachonga kishubaka ukutani cha kuwekea risasi na chakula visilowe. Sakafu unaiinamisha upande mmoja, na pale chini unachimba kishimo maji yakusanyike, uyateke kwa kofia ya chuma. Aliyeona uvivu kuchimba kile kishimo alisimama kwenye maji mpaka alfajiri.

Juu tulifunika kwa miti na majani ya mgomba. Jani likikauka linageuka rangi na rubani analiona, kwa hiyo kila siku unakata mabichi.

Kilichotutesa kuliko adui ni miguu. Usiku buti havui mtu. Mchana sajini wetu alipita shimo kwa shimo akilazimisha kila askari avue, apanguse katikati ya vidole, aanike soksi. Tulimwona msumbufu. Waliompuuza, ngozi ilitoka pamoja na soksi. Chawa nao, usiseme.

Usiku wa lindo, kila kichaka kinatembea. Tulifundishwa kutokitazama kitu moja kwa moja, utazame pembeni yake kidogo, ndivyo jicho linavyoona gizani. Kukohoa unafumbata mdomo kwa kofia.

Lakini furaha ilikuwepo. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ulitukuta palepale. Sisi Wahaya tukawaokota, tukawanyonyoa mbawa na miguu, tukawakaanga kwenye mesitini, lile bati la chakula la askari, kwa mafuta yao wenyewe. Wenzetu wa kusini mwanzoni walitema mate. Baada ya siku chache wao ndio wanaamka mapema kuokota.

Lukaya, kule Uganda, Machi 1979, sina cha kusimulia cha handaki. Barabara inakatiza kinamasi. Ukichimba kidogo tu maji yanakuja. Tulilala kwenye maji.

Mjukuu, Machakos

Shikamoo mzee wetu. Nimesoma maneno yako nikamsikia babu.

Yeye alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, vita ya pili ya dunia, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita Bonde la Kabaw kule Burma mwaka 1944 wakati wa masika yao, hadi kuvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Kila jioni, hata wawe wamechoka namna gani, lazima kila mtu achimbe shimo lake kabla ya giza. Kesho wanaliacha na kuchimba jingine mbele. Barabara zilikuwa tope tupu, kwa hiyo chakula kilidondoshwa na ndege kwa miavuli. Walimeza vidonge vya malaria kila siku mpaka ngozi na macho vikawa vya manjano.

Kilichombadilisha ni kusoma. Jeshi lilikuwa na kikosi chake cha elimu, na babu aliyeondoka nyumbani hajui herufi alirudi anasoma Kiswahili. Mazoezi aliyafanyia shimoni, akiandika kwa kijiti kwenye ukuta wa udongo. Nilipoanza shule alinifundisha hivyohivyo, uani, kwa kijiti.

Mama wa Mwanza

Hata sisi raia tulichimba. Walimu walituchimbisha mahandaki kandokando ya uwanja wa shule, usiku taa marufuku. Machi 1979 ndege ya Libya ilikuja kuupiga mji wetu ikakosa shabaha. Mimi nilichokumbuka zaidi ni vyura: baada ya mvua walijaa mle ndani, na wasichana tulikuwa radhi tubaki nje.

Mdau, Songea

Mzee Koplo, shikamoo. Mlipikaje bila moshi kuonekana? Na barua za nyumbani mliziandika?

Koplo mstaafu, Bukoba

Marahaba mwanangu.

Chakula kikubwa kilipikwa nyuma kabisa kikaletwa gizani, kimepoa, ugali umeshakuwa mgumu. Ukitaka cha moto mwenyewe, unachimba vishimo viwili vinavyopakana na kuviunganisha kwa chini kama kimfereji. Moto unawaka katika kimoja, hewa inaingilia kwa kingine. Kuni ziwe kavu, nyembamba kama kidole, ukiziongeza mojamoja. Moto unakuwa mkali na moshi haba, na huo unaopanda unaupitisha kwenye matawi yenye majani ukatawanyike. Unachemsha chai haraka, unafukia.

Barua tuliandika, ila zilisomwa na afande kabla ya kutumwa, na kutaja mahali ulipo ni kosa. Nilimwandikia mama yangu kwamba niko kazini, nakula vizuri, mvua zinanyesha. Yeye alikuwa ng'ambo ya milima tu, mvua ileile inamnyeshea. Alipomsikia msomaji akifika hapo alijua niko karibu, akaanza kutuma ndizi kwa kila lori la jeshi lililopita njiani kwake. Mkungu mmoja ulifika.