Wanaume tupeane uzoefu: nani amewahi kukuta uvimbe kwenye korodani?

Mtoto wa Temeke: Wakuu habari za usiku. Kijiweni leo tulikuwa tunaangalia tena fainali ya AFCON ya 2024, lile goli la Haller wa Ivory Coast lililowamaliza Nigeria, mtu mmoja akasema huyu jamaa 2022 alikutwa na kansa ya korodani, akapasuliwa mara mbili, akapigwa kemo, yaani dawa kali za kuua kansa, Januari 2023 akarudi uwanjani. Nikauliza nani hapa huwa anajikagua, wakaanza kucheka. Waliopitia tupeane uzoefu.

Kaka Mkubwa: Umenitonesha mkuu. Mdogo wangu alikuwa na miaka 24, dereva boda. Akawa anasikia uzito upande wa kulia, maumivu hakuna, ndo maana akanyamaza. Mama alivyojua akasema hilo busha, maana sisi watu wa Pwani kila ukoo una mwenye busha, akapelekwa kwa mtaalamu akakandwa na majani, uvimbe ukazidi, mgumu kama kokwa la embe. Hospitali daktari akamulika tochi, akasema busha lina maji, mwanga unapita, hapa haupiti. Ultrasaundi, vipimo vya damu, wiki hiyohiyo akasainishwa kutolewa korodani. Dogo akalia sana, sio kansa iliyomliza, ni mchumba wake aliyekuwa kwenye benchi nje, na mimi ndo nikamwambie. Nimesimama koridoni mdomo umekauka, yule binti ndo akaanza, "shemeji, atapona?" Nikasema atapona. Wakapasua kinenani, sio kwenye mfuko, kemo ikamnyoa mpaka nyusi. Leo wana mtoto wa kike.

Babu Juha: Daah. Mungu mkubwa.

Mzee wa Same: Vijana acheni suruali za kubana na simu mfukoni, ndo zinaleta haya.

Sista wa Wodi: Mzee shikamoo, ila hapo unapotosha. Walio hatarini zaidi ni ambao korodani haikushuka utotoni, au baba ama kaka aliwahi kuugua. Na hii sio ya wazee, inawapata sana vijana wa 15 mpaka 40 hivi.

Mzee wa Same: Marahaba, ila mambo ya wanaume waachie wanaume.

Sista wa Wodi: Vidonda vyao nawafunga mimi baba.

Fundi Bomba: Mzee tulia dada aseme! Mi najikagua kila Ijumaa.

Sista wa Wodi: Mara moja kwa mwezi inatosha. Umetoka kuoga maji ya moto, unaiviringisha moja moja kati ya gumba na vidole taratibu. Nyuma kuna mrija laini, huo ni wa kawaida. Uvimbe, ugumu, moja kukua, njoo. Na ikiuma ghafla usisubiri kuche, hiyo inaweza kuwa imejisokota, inakufa ndani ya masaa.

Babu Juha: Wenye wake wapeni kazi hiyo, wana mikono laini 😀

Dogo Moro: Nina 19. Ya kushoto inaning'inia chini kuliko mwenzake, na ya kulia ina kitu kigumu hakiumi, tangu mwezi uliopita.

Sista wa Wodi: Kuning'inia ni kawaida mdogo wangu. Hicho kigumu kesho asubuhi kikaonwe, mara nyingi sio kansa ila lazima upigwe ultrasaundi.

Kaka Mkubwa: Dogo njoo inbox sasa hivi. Nina ndugu hapo Moro, atakupitia saa moja.