Ati “Mama, mpe simu mtu anayeelewa”! Watu wa Kisauni, nihamie kampuni gani ya intaneti?

Bi_Kiembeni

Nimekata simu sasa hivi na mikono yanitetemeka. Wale jamaa, mnawajua, fulana zao zaonekana toka ng'ambo ya Likoni, wameniambia hivi: “Mama, hebu mpe simu mtu anayeelewa.”

MIMI! Mimi niliyeendesha saiba pale Mwembe Tayari tangu enzi za setilaiti, mteja akifungua picha moja anakwenda kuswali, anarudi imefika mabegani. TEAMS na SEACOM, zile nyaya za intaneti za baharini, zilipotua hapa Mombasa 2009 nilikuwa kwenye kiti changu nahesabu dakika za wateja. Leo kijana aliyefundishwa kazi jana jioni aniambia nimpe simu mtu anayeelewa. Nimpe nani? Paka?

Taa ya LOS kwenye ruta inawaka nyekundu. Kwa asiyejua, maana yake mwanga haufiki. Hapo hakuna cha nywila wala cha kuzima na kuwasha. Ama waya umekatika, ama umekunjwa, ama umechomoka kule kwenye kisanduku cha nguzoni. Nikamwambia hivyo hivyo, pole pole, kwa Kiswahili cha kueleweka. Akaniuliza nimezima nikawasha? Wallahi nimezima nikawasha mpaka swichi ya ukutani imelegea.

Akahamia kwenye waya wa baharini, ati umekatika. Hapo ndipo nilipopandwa. Waya wa baharini ukikatika intaneti huwa nzito au hupotea, lakini ruta bado yaona mwanga unaotoka kituo cha hapa hapa. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika kule karibu na Afrika Kusini, nchi nzima ilitambaa na taa za watu zilibaki kijani. Nyekundu ni ya hapa Kiembeni, si ya samaki! Nilipomweleza hilo, akanyamaza, akashusha pumzi nikaisikia, kisha: “Mama, hebu mpe simu mtu anayeelewa.”

Ile pumzi. Ile pumzi ndiyo iliyonimaliza.

Na kuungwa kwenyewe kulikuwa msiba. Fundi alikuja magharibi inaingia, akatoboa ukuta wa sebule upande huu, akaghairi, akatoboa ule, sasa popo wanaingia na kutoka wakipishana. Waya akaupitisha dirishani, akaukunja kona kali kabisa, akaufunga kwenye kamba yangu ya kuanikia nguo. Faiba ndani ni kioo jamani! Kioo chakunjwa? Nikamwambia, “Mwanangu, hapo mwanga utavuja.” Akasema “iko sawa, mamangu,” akapanda pikipiki. Yule wa kuuza naye, kabla ya kulipwa alikuwa akinipigia jogoo hajawika. M-Pesa ilipoingia, namba yake ikafa. Na kifurushi chaendelea kuhesabu siku, taa nyekundu au si nyekundu.

Naandika hapa meseji yao yaingia: “Tatizo lako limetatuliwa. Tafadhali tathmini huduma yetu.” TAA BADO NYEKUNDU. Naitazama hii hapa.

Sasa nihamie wapi? Msinitajie kasi, kasi ziko kwenye kila bango toka Buxton mpaka Mtwapa. Wala msinitajie kampuni ambayo waya wake umeishia Nyali. Nataka kampuni ambayo mtu wake akipokea simu anajua LOS ni nini, na fundi wake ana ngazi. Na asiniambie nimpe simu mtu anayeelewa.

Mtoto_wa_Tudor

Pole bibie. Nawajua hao, nilijua ulipotaja fulana. Mimi tiketi yangu ya malalamiko waliifunga fundi akiwa bado juu ya nguzo. Nikampigia mtu wao wa simu nikiwa namwangalia fundi kwa macho, ananiambia mfumo waonyesha kazi imekwisha. Nikamwambia kazi imekwisha vipi na miguu ya fundi wako naiona?

Kamba_Nyeupe

Dada, kabla hujahama hata kampuni moja, nenda kwa majirani wa upande wako wa barabara. Waulize kitu kimoja: mara ya mwisho ilipokufa, nani alikuja na alikuja baada ya muda gani. Kile kisanduku cha nguzoni hugawa mwanga kwa nyumba nyingi. Wao wakilia, na wewe utalia. Na fundi mpya akija asiondoke kabla hajapima mwanga kwa kifaa chake mbele yako. Ikisoma hasi 20 hivi, sawa. Ikishuka mpaka hasi 27, mwambie arudi akaunge upya, maana hapo ruta yasikilizia kwa shida, na siku waya ukiguswa tu umerudi kwenye nyekundu.

Bi_Kiembeni

Kamba_Nyeupe, Mungu akuweke. Huyu ndiye mtu anayeelewa! Nimpe wewe simu!

Simba_Changamwe

Aya zote hizo za nini, si ungempa mumeo simu yaishe.

Bi_Kiembeni

Mume wangu akipoteza waifai hunipigia MIMI. Umekaa Changamwe unanuka moshi wa malori halafu waja kunifundisha?

Simba_Changamwe

Malori yameingiaje hapa? Kijana wa watu kaongea kwa adabu, kakuita mama. Ulitaka akuite injinia?

Mtoto_wa_Tudor

Ndiyo, amwite injinia. Kaeleza tofauti ya waya wa baharini na wa mtaani kuliko wao.

Kivuko_Kila_Siku

Nyinyi wa bara ya kaskazini mna bahati ya kulilia taa. Sisi huku Likoni mtaani kwetu waya haujapita kabisa. Kila mwaka wanakuja kupima kwa miguu, wanaandika majina, wanachukua namba za simu, wanapotea. Mimi naishi kwa bando, wanangu wakifungua video moja ya shule pesa ya samaki imekwenda. Mtu mwenye taa, hata nyekundu, mimi namhusudu.

Bi_Kiembeni

Usinihusudu ndugu yangu. Taa nyekundu ni bando nililolipia lisilofunguka.

Mnazi_Mkavu

Wote chukueni Starlink, intaneti ya setilaiti. Ilipoingia nchini 2023 sikungoja mtu wa ngazi. Nimeweka sahani mwenyewe juu ya bati, mambo kwisha.

Dada_wa_Utange

Mnazi_Mkavu, wacha kudanganya watu. Hiyo sahani yataka anga wazi. Kwetu kuna miembe na minazi pande zote, upepo wa kusi ukivuma makuti yapita mbele yake na simu ya mtu yakatika katikati ya salamu. Nikate mwembe wa marehemu bibi kwa ajili ya intaneti?

Mnazi_Mkavu

Weka kwenye mlingoti.

Dada_wa_Utange

Mlingoti utanunua wewe?

Mwanasheria_wa_Mtaa

Bi_Kiembeni, dai haki yako. Andika malalamiko kwa kampuni kwa maandishi, udai namba ya kumbukumbu. Wakikupuuza, peleka hiyo namba na ile meseji ya “limetatuliwa” kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Kanuni za kumlinda mtumiaji zipo tangu 2010. Lakini lazima uanze na kampuni yenyewe, Mamlaka watakuuliza hilo kwanza. Piga picha ya taa, tarehe ionekane.

Bi_Kiembeni

Picha nimeshapiga. Ningeweza kuipiga picha ile pumzi ningeipeleka pia.

Ghorofa_ya_Bamburi

Hamjaona shida. Kwetu lendilodi kakubaliana na kampuni moja tu iingie jengo zima. Nyingine ikija na ngazi, mlinzi anaifukuza getini. Ukilalamika anakwambia hama. Mimi sina hata hiari ya kuchagua ya kunitukana.

Simba_Changamwe

Malendilodi wa Bamburi ndivyo walivyo. Wangu wa zamani alikata nusu ya deposit ati misumari ya saa ya ukutani.

Kivuko_Kila_Siku

Wangu alikata yote. Ati rangi. Rangi niliipaka mimi!

Dada_wa_Utange

Deposit ya Mombasa ni sadaka, hairudi. Mimi nilimaliza miezi ya mwisho bila kulipa kodi, tukalingana.

Bi_Kiembeni

Jamani uzi ni wa intaneti. Yule kijana kaniambia nimpe simu mtu anayeelewa na bado sijapata jina la kampuni hata moja!

Ghorofa_ya_Bamburi

Dada_wa_Utange, hakukufungia mlango? Wangu ana makufuli mapya ndani ya gari, akutwa nayo.

Dada_wa_Utange

Alikuja nayo. Nikamwita chifu.

Simba_Changamwe

Nani ana chumba na sebule Mikindani? Lendilodi asiwe anakaa hapo hapo.

Mtoto_wa_Tudor

Ipo moja nyuma ya msikiti, naijua. Maji ni ya kisima lakini.

Simba_Changamwe

Yana chumvi?

Mtoto_wa_Tudor

Chai utaweka sukari mara mbili.

Simba_Changamwe

Hapana basi. Nyingine?