Sola inanizingua masika hii, naombeni ushauri
Wakuu habari za mchana. Nina kaduka ka vinywaji huku Mbagala, natumia sola, paneli 2 za wati 200, betri moja ya jeli 12V 200Ah na inveta. Januari na Februari ilikuwa poa kabisa, saa 8 mchana betri imeshajaa, kafriji kadogo na taa 3 vinasukuma mpaka asubuhi. Sasa masika imeanza, wingu likitanda siku nzima kontrola (kile kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri) inasoma wati 50 au 60 tu kati ya zile 400, ikifika saa 4 usiku inveta inapiga kelele inazima, soda zinakuwa za moto na wateja wa Dar si mnawajua.

Nimepanda juu ya bati nikafuta paneli, waya nimekaza, hadi jirani nimembembeleza akapunguza matawi ya mwembe wake (kwa soda 2), bado vilevile. Fundi anasema niongeze betri ila mi najiuliza, hii moja tu haijai, ya pili itajazwa na nini?

Kwa hela ya kitu kimoja, ninunue paneli au betri? Na kontrola yangu ni PWM (ile aina ya kawaida), nikiweka MPPT (ile aina inayokamua umeme zaidi kwenye paneli) siku za wingu kuna tofauti ya maana kweli?