Broome, Muharraq au Fumba: mji wa lulu, niende wapi Julai?

BintiUyole: Habarini ndugu. Bibi aliniachia hereni za lulu, na tangu hapo natamani kuona zinakotoka. Dada anasoma Perth, Australia, kanialika Julai, kwa hiyo Broome inawezekana. Au nipitie Muharraq, Bahrain? Au niache safari ndefu, nishukie Fumba, Zanzibar? Nina wiki mbili.

MzeeIsyesye: Binti yangu, Broome. Nilifika 2017 nikiwa mafunzoni Perth. Usidhani ni jirani: kwa barabara ni zaidi ya kilomita 2,200, yaani Mbeya–Dar mara mbili na nusu na bado. Panda ndege. Julai ni kiangazi kule. Vimbunga ni Novemba hadi Aprili.

Lakini kabla ya maduka ya lulu, nenda makaburini. Wajapani zaidi ya 900 wamelala pale, wengi wao wazamiaji. Walipoibuka haraka kutoka kilindini walipooza au kufa, na vimbunga vilizamisha mashua nzima nzima. Na kabla yao, wenyeji, hata wanawake wajawazito, walilazimishwa kuzamia bila kifaa chochote. Kilichotafutwa zaidi wala si lulu, ni ganda la chaza la kutengenezea vifungo vya mashati. Nilisimama pale muda mrefu sana.

MnyaluIpogolo: Kamwene. Muharraq nayo isidharauliwe. Nyumba za wafanyabiashara wa lulu na nahodha zao zimo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2012, unazizungukia kwa miguu, njia ni kama kilomita 3.5. Na Bahrain hairuhusu biashara ya lulu za kufugwa, ni za asili tu. Ila Julai joto linapita nyuzi 40. Kwa mtu wa nyanda za juu hapana, nenda Januari.

MamaTukuyu: Fumba kuna kina mama wanaofuga chaza na kuchonga vito kwa maganda yake. Hela yako inaingia mkononi mwa aliyeshika kazi. Siyo mji wa makumbusho, ni siku moja inatosha. Ukitoka Perth pitia huko.

BintiUyole: Mzee, Broome siku ngapi?

MzeeIsyesye: Nne, na zipange kwa mwezi wa angani, usipange kwa bei ya tiketi. Mwezi mpevu ukichomoza wakati maji yamekupwa, mwanga wake unajipanga kwenye tope la Roebuck Bay, ghuba ya pale Broome, kama ngazi. Bahari ile hupanda na kushuka hadi mita 10 hivi. Bamvua ikikupwa sana yanaonekana mabaki ya ndege za majini zilizoteketezwa na Wajapani tarehe 3 Machi 1942, zikiwa na wakimbizi wa Kiholanzi ndani.

BintiUyole: Ndaga fijo. Nimemwambia dada atazame kalenda ya mwezi kabla hatujakata tiketi. Fumba nitapita nikirudi, hereni za bibi nitazivaa kote.

MzeeIsyesye: Beba viatu vya zamani, tope lile linanata. Maji yakianza kujaa geuka hapohapo, yanakuja kwa kasi.