MJADALA: Mkulima wa Dodoma akimuuzia jirani kisado cha mbegu yenye haki ya mgunduzi, awe mvunja sheria?

Mleta mada (Chamwino)

Wakuu, salaam. Watu wameanza kufyeka mashamba na kuulizana mbegu, nami naleta swali linalotugusa sisi wa kanda ya kati kuliko mikoa ya mvua nyingi. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha sheria ya haki za wagunduzi wa mbegu mpya za mimea. Novemba 2015 Tanzania ikajiunga na UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea wenye makao Geneva, kwa masharti ya mkataba wake wa 1991. Chini ya mkataba huo, aliyezalisha aina mpya na kuisajili ndiye mwenye haki ya kuizalisha na kuiuza kwa miaka 20. Kwa miti na mizabibu ni miaka 25. Anayetaka kuzalisha mbegu hiyo aiuze anaomba ridhaa yake na kulipa mrabaha. Mkulima anaweza kuruhusiwa kubakiza mbegu ya kupanda shambani kwake mwenyewe, kwa mipaka. Kumuuzia jirani hakumo.

Sasa njooni Chamwino au Bahi. Kabla ya kuvuna, mama anapita shambani akichagua masuke ya mtama yaliyojaa vizuri, yaliyonusurika na gugu la kiduha na ndege kwelea kwelea. Anayafunga mafungu na kuyaning'iniza juu ya meko, moshi uyakaushe na kuzuia wadudu. Mvua ya Desemba ikinyesha kidogo kisha ikakata, mbegu ikafia ardhini, jirani asiye na akiba anamfuata na kisado chake. Analipa hela, au kuku, au siku moja ya palizi. Wengi huku wanapanda mara ya pili kwa njia hiyo, maana msimu wetu ni mmoja tu kwa mwaka.

Na mbegu hizo si za mababu peke yake, Lugugu na Langalanga. Kuna Macia, iliyotokana na kazi ya ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya nchi kame. Kuna Wahi na Hakika zinazohimili kiduha. Chimbuko lake ni kazi ya Gebisa Ejeta, Mwethiopia wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, aliyepata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009. Zilifika vijijini na kusambaa kisado kwa kisado. Aina zijazo zikija na mwenye haki juu yake, yule mama anakuwa nani mbele ya sheria?

Msimamo wangu: kwa mtama, uwele na karanga, haki ya wakulima kubadilishana na kuuziana mbegu iandikwe wazi. Karibuni.

Mtafiti wa mbegu

Mleta mada, nakuelewa, ila hujamtaja anayeitengeneza hiyo mbegu. Ua la mtama ni dogo sana. Ukitaka kuchanganya aina mbili unakaa na kibano, unang'oa vifuko vya chavua ua moja baada ya jingine, unafunika suke kwa mfuko wa karatasi, siku chache baadaye unaleta chavua ya baba. Hapo ndiyo umeanza. Zinafuata vizazi kadhaa vya kuchagua, halafu majaribio ya misimu na maeneo tofauti, halafu ukaguzi wa TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Miaka kumi inapita. Fedha nyingi ni za miradi ya wafadhili, na mradi ukifungwa vitalu vinabaki magugu.

Angalieni pia duka la pembejeo lolote pale Majengo: rafu zimejaa mahindi chotara na alizeti chotara. Chotara inajilinda yenyewe, ukirudia mbegu yake mavuno yanaporomoka, kwa hiyo mkulima anarudi dukani kila mwaka. Mtama hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa. Mtu ananunua pakiti moja, kijiji kizima kinapanda miaka mitano. Kampuni gani itawekeza hapo? Mnaodai mrabaha uondolewe, semeni nani atalipa hiyo miaka kumi.

Mkulima, Kibaigwa

Mimi nilishanunua pakiti yenye nembo na stika, ikaota nusu. Mbegu ya jirani naijua, nimeiona ikiwa bado shambani. Mrabaha nitalipa kama mbegu ni ya kweli, lakini mniambie hiyo hela inarudi kwa aliyekaa na kibano au inaishia ofisini.

Mwanasheria

Tutenganishe mambo mawili, maana yanachanganywa kila mjadala huu unapoibuka. Sheria ya Mbegu ya 2003 inahusu ubora. Chini yake, hata aina isiyodaiwa na mgunduzi yeyote haiuzwi kama mbegu bila kupita kwa TOSCI, na ndiyo maana vikundi vya wakulima huzalisha daraja la kuazimiwa ubora, QDS. Sheria ya 2012 inahusu nani mwenye haki. Yule mama anaweza kubanwa na zote mbili, kila moja kwa sababu yake.

Mkataba wa 1991 unaacha huru matumizi binafsi yasiyo ya kibiashara. Kumpa mdogo wako konzi mbili hakuna wa kukushtaki. Kisado cha kulipia ndicho kiko kwenye ukungu, na mkulima mdogo hapaswi kuishi kwenye ukungu.

Jambo la pili, hatukulazimishwa. Makubaliano ya TRIPS, ya haki miliki, ya Shirika la Biashara Duniani yanataka nchi zilinde aina za mimea, lakini hayataji UPOV, na nchi zenye maendeleo duni, ikiwamo Tanzania, zimepewa muda hadi 1 Julai 2034. India haimo UPOV. Ilitunga sheria yake mwaka 2001: mgunduzi analindwa, na mkulima anaruhusiwa kutunza, kupanda tena, kubadilishana, kugawa na hata kuuza mbegu ya aina hiyo hiyo, mradi asiiuze kwenye kifungashio chenye chapa.

Mleta mada

Mwanasheria, hicho cha India ndicho ninachokitaka. Na kimeshapimwa. Mwaka 2019 PepsiCo iliwashtaki wakulima wa viazi wa Gujarat kwa kulima aina yake ya FC5. Wakulima na watetezi wao wakasimama na kifungu hicho, na mwezi Mei kampuni ikaondoa kesi. Mkulima wetu angesimama na nini?

Mtafiti, hoja yako ya miaka kumi ni nzito na siipingi. Lakini mrabaha utozwe pale penye biashara: kwenye pakiti ya kampuni, na kwa mwenye shamba la mamia ya ekari anayekiuzia kiwanda cha bia. Ukiufuata kwenye kisado utatumia fedha nyingi kuutafuta kuliko utakazokusanya. Tena hiyo aina mpya uliianza na nini? Na punje za wakulima hawa hawa. Lugugu haisajiliki kwa sababu masuke yake hayafanani, na sheria inataka aina mpya, ya pekee, inayofanana na isiyobadilika. Aliyeitunza hapati kitu.

Tusisahau zabibu. Mpunguzi na Hombolo watu wakipogoa, pingili zinakwenda kwa jirani bure. Aina mpya yenye ulinzi wa miaka 25 ikifika, tutaanza kuchoma pingili?

Mtafiti wa mbegu

Kifungu cha India nakikubali, kwa sharti moja. Kikiandikwa, bajeti ya utafiti wa mtama na uwele nayo iandikwe, fedha za ndani, kila mwaka, si ahadi ya mradi. Bunge liko hapa hapa Dodoma. Mnaokwenda kwa wabunge kudai kisado, daini na kitalu safari hiyo hiyo, nami nitakwenda pamoja nanyi.