Mjadala: Je, Tifa alimkosea Cloud kwa kunyamaza?

Mtoa mada

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna jambo sisi mashabiki wa Final Fantasy VII tunaligombania tangu gemu lilipotoka mwaka 1997, na hadi leo halijapoa. Sizungumzii kifo cha Aerith, mmoja wa mashujaa wake, hicho tumekililia mno. Namzungumzia Tifa Lockhart, shujaa mwingine, na kimya chake mbele ya Cloud. Wapo wanaomwita mwoga, wapo wanaomwita mwongo, na wapo wanaomtwisha hata Kimondo kilichoitwa kuja kuiangamiza dunia. Mimi nasema Tifa anaonewa. Anayepinga aje na hoja, uwanja uko wazi. Ambaye hajacheza na anapanga kucheza aishie hapa, maana nafichua kisa chote.

Kwa waliosahau: Cloud Strife, mhusika mkuu, anakutana na Tifa kwenye kituo cha treni mjini Midgar akiwa hajielewi. Ni rafiki yake wa utotoni kutoka kijiji cha Nibelheim. Cloud anajitambulisha kuwa alikuwa askari wa SOLDIER, kikosi cha wateule wa kampuni ya Shinra, na anasema hawajaonana kwa miaka 5. Tifa akihesabu anapata 7. Baadaye, kwenye nyumba ya wageni ya mji wa Kalm, Cloud anawasimulia wenzake jinsi alivyofika Nibelheim na Sephiroth, askari mashuhuri wa SOLDIER ambaye sasa ndiye adui mkuu, na jinsi Sephiroth alivyorukwa na akili akakiteketeza kijiji. Masimulizi yamekamilika, hata kuingia nyumbani kwa mama yake kumo. Tatizo ni kwamba Tifa naye alikuwepo. Ndiye aliyewaongoza kupanda mlima kwenda kwenye kinu cha Mako, nishati ambayo Shinra inaifyonza ardhini. Anakumbuka vizuri kwamba askari wa SOLDIER aliyefuatana na Sephiroth alikuwa kijana wa nywele nyeusi aitwaye Zack. Cloud hakumwona kabisa.

Anasikiliza hadi mwisho. Kisha anamuuliza Cloud: hali yangu mimi ilikuwa mbaya kiasi gani baada ya Sephiroth kunikata kwa upanga? Basi. Hakusema zaidi.

Kimya hicho kinakuja kulipuka kwenye Kreta ya Kaskazini. Sephiroth anawarudisha kwa mazingaombwe katika Nibelheim ile ile, na pale Cloud anapojiona kwenye kumbukumbu zake, amesimama mtu mwingine. Inatolewa na picha: Sephiroth, Tifa, na yule wa nywele nyeusi. Cloud anamgeukia Tifa amwambie kwamba ni uongo. Tifa anamsihi asisikilize, lakini neno lenyewe, kwamba ni uongo, halimtoki. Cloud anavunjika pale pale. Anamkabidhi Sephiroth Materia Nyeusi, jiwe la uchawi la kuitia Kimondo, na Kimondo kinaitwa.

Ndipo watu wanaposema: angesema Kalm, yote haya yasingetokea.

Hebu mkae kwanza mahali pa Tifa. Siku ile alikuwa na miaka 15. Baba yake aliuawa, kijiji kikaungua, yeye mwenyewe akakatwa kifuani, na aliyemwokoa ni mwalimu wake wa mapigano, Zangan, aliyempeleka Midgar akiwa hoi. Leo rafiki anamsimulia siku hiyo hiyo, na ndani ya masimulizi mna mambo ambayo asiyekuwepo asingeyajua. Hapo ndipo wanaomlaumu wanapoparuka. Kama Cloud angekuwa anabuni tu, Tifa angemkamata kirahisi. Lakini anayoyasema ni ya kweli, ila msemaji hakuonekana mahali pale. Wewe ungeamini kipi, kumbukumbu yako yenye jeraha au mtu anayejua yaliyotokea ndani ya kinu? Tifa hakujua nani kati yao ana kichwa kibovu. Hata hivyo hakukaa bure. Aliposikia Cloud anataka kuondoka aende mbali, alimtafutia kazi kwenye AVALANCHE, kundi linalopigana na Shinra, ili abaki karibu na amwangalie. Mwoga angemwacha aende.

Sasa njoo kwenye hoja ninayoiona nzito kuliko zote. Cloud ana chembe za Jenova, kiumbe kilichotoka angani, mwilini, na utu anaotembea nao ameuunga kwa kumbukumbu za wengine. Mtu wa namna hiyo ukimsahihisha, humtibu. Unampa kiraka kingine. Tifa angesema Kalm kwamba aliyekuja ni Zack na si yeye, upo uwezekano mkubwa Cloud angelipokea neno hilo, akalimeza, na kesho yake akaamka Cloud mwingine aliyetengenezwa kwa maneno ya Tifa.

Waandishi wa kisa, Kazushige Nojima na Yoshinori Kitase, walilijua hilo, na wameliweka wazi ndani ya Mkondo wa Uhai, ule mto wa nguvu za uhai unaopita chini ya ardhi. Mnakumbuka pale? Cloud amekuwa mtu wa kiti cha magurudumu huko Mideel, sumu ya Mako imemmaliza, hata sentensi haikamiliki mdomoni. Ardhi inapasuka, wote wawili wanatumbukia. Tifa anajikuta ndani ya akili ya Cloud, na katikati yupo Cloud mkubwa aliyejishika kichwa, na pembeni wamesimama akina Cloud wengine, kila mmoja na kipande chake. Angeweza kumwaga yote anayoyajua pale. Hakufanya hivyo. Alielewa kwamba kumbukumbu atakayoitaja yeye haiwezi kuthibitisha kitu, kwa sababu Cloud anaweza kuichukua kwake. Lazima itoke kwa Cloud, na iwe ile ambayo Tifa hajaigusa.

Na inatoka. Cloud anaanza na dirisha la chumba cha Tifa, siku mama yake Tifa alipofariki. Watoto wamekusanyika. Tifa anataka kuuvuka Mlima Nibel akidhani mama yake yuko ng'ambo. Wenzake wanarudi mmoja mmoja, Cloud anamfuata, wote wanaanguka. Cloud anachubuka magoti tu. Tifa anakaa siku 7 bila fahamu, na wakubwa wanamtupia Cloud lawama. Tifa mwenyewe hakuwa nayo sawasawa kumbukumbu hiyo. Wakati kipande hicho kinarudi mahali pake, nilisimamisha gemu nikakaa tu nikiitazama skrini. Wale ni vibonzo vya pembe pembe visivyo hata na sauti, lakini nilijua kwamba mtu amejipata.

Kisha inakuja zamu ya Nibelheim ya kweli. Askari wa kawaida wa Shinra, aliyefunika uso kwa kofia ya chuma, anaivua. Ni Cloud. Hakufanikiwa kuingia SOLDIER, akaona aibu, akajificha na kutembea safari nzima jirani na Tifa bila kumwambia ni yeye. Yaani kimya cha kwanza katika kisa hiki ni cha Cloud! Kimya cha Tifa kimezaliwa na kimya chake. Miaka yote ya kumsulubu Tifa, ni wangapi wamewahi kumuuliza Cloud kwa nini hakufungua mdomo siku ile?

Mahali pamoja nawapa wapinzani haki yao. Ukipita Gongaga, kijiji ambacho unaweza kukiruka, ukaingia na Tifa nyumbani kwa wazazi wa Zack, jina linatajwa, anashtuka, Cloud anamuuliza kama anamjua, naye anakana. Hapo si kunyamaza tena. Sina utetezi mzuri wa pale, zaidi ya kusema kwamba aliogopa, na uso wake unaonyesha kuwa hata yeye hakukipenda alichokisema.

Nawasilisha.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeandika vizuri lakini umemtazama Cloud peke yake. Mficha maradhi kilio humuumbua. Kundi lilipotoka Midgar lilimchagua Cloud awe kiongozi. Barret, kiongozi wa AVALANCHE, alimfuata mtu ambaye Tifa alijua maelezo yake hayajai kwenye kibaba. Barret ana mtoto amemwacha nyuma. Haki yake ya kujua iko wapi? Tuseme kweli kumwambia Cloud ni hatari, sawa, nakubali hoja ya kiraka. Kumvuta Barret pembeni kuna hatari gani? Au Aerith, ambaye alikuwa anamjua Zack kuliko wote? Wanawake wawili wamekaa na nusu nusu ya ukweli mmoja, kila mmoja na yake. Maneno mawili tu kati yao na fumbo lote limefumbuka. Hilo ndilo kosa la Tifa, na hujaligusa.

Mchangiaji wa pili

Mimi niseme ukweli wangu. Nilimchukia Tifa kwa miaka kwa sababu nilikuwa upande wa Aerith, mambo mengine yote yalikuwa kisingizio. Gemu linahesabu alama za mapenzi kwa siri ili kuamua nani atatoka na Cloud usiku ule wa Gold Saucer, bustani ya burudani. Aerith anaanza na 50, Tifa 30, halafu majibu yako ndiyo yanayopandisha na kushusha. Nilichagua kila jibu la kumshusha Tifa. Aerith alipouawa nikaona kama Tifa amenyang'anya nafasi, nikatafuta cha kumshtaki nacho, nikakipata kimya. Nilirudia gemu nikiwa mtu mzima nikaona Aerith naye aliona. Kwenye kile kibanda cha angani anamwambia Cloud kwamba anamtafuta yeye, anataka kukutana na yeye, huku amekaa naye uso kwa uso. Alijua kuna mtu amefichwa mle ndani. Hakumbana. Yeye tukamwita mwenye busara.

Mchangiaji wa tatu

Wanaosema "angesema tu" wacheze Rebirth ya 2024, toleo jipya la kisa hiki. Mle Cloud anaanza kumshuku Tifa mwenyewe, anadhani Tifa wa kweli alikufa Nibelheim na huyu ni bandia. Kule Gongaga anafikia kumshambulia, na Tifa anatumbukia kwenye Mako. Jaribuni kumsahihisha mtu wa hali hiyo!

Mtoa mada

Asanteni sana. Namjibu mchangiaji wa kwanza maana amenigusa.

La Barret limeniweka pagumu. Nakubali kwamba kiongozi akiwa na doa wafuasi wana haki ya kujua, na kama angemvuta Barret pembeni nisingeona ubaya. Lakini unadai ingezuia maafa, na hapo nakataa, kwa sababu gemu limekwisha kutujibu. Rudi kwenye Hekalu la Watu wa Kale. Cloud anampa Sephiroth Materia Nyeusi mara ya kwanza, kisha anamgeukia Aerith na kumpiga. Wenzake baada ya hapo walijua kwamba Cloud hajimiliki, hawakuhitaji Tifa awaambie. Cloud mwenyewe alijua. Ndiyo maana Kreta ya Kaskazini, materia ilipopatikana tena, hakuishika yeye. Alimkabidhi mwenzake, Barret au Red XIII, yule mnyama anayesema, kulingana na unavyochagua, aitunze mbali naye.

Na ilimrudia vipi mkononi? Sephiroth alijigeuza Tifa. Alimwendea yule aliyebaki na materia, akamwambia Cloud yuko hatarini, akamsaidie, na mwenzetu akaenda mbio akaipeleka mwenyewe. Tahadhari ilikuwepo, mlinzi alikuwepo, na bado ikafika. Barret angekuwa anajua habari za Zack angekataa kumsaidia rafiki aliye hatarini? Barret ninayemjua mimi angekimbia zaidi. Sephiroth alichagua sura ya Tifa kwa sababu ndiyo sura ambayo kundi zima lisingeitilia shaka, sasa sisi tuliokaa na vidhibiti mikononi tunaitilia.

La Aerith na Tifa kukaa na nusu nusu, hapo umenishinda mkuu. Nimelifikiria tangu ulipoandika. Tena ukiingia kwa wazazi wa Zack ukiwa na wote wawili, wote wanaguswa na jina moja, kila mmoja kivyake, na hawaambiani kitu. Aerith alidhani ni mpenzi wake wa zamani aliyemwacha akapotea, Tifa alidhani ni uthibitisho kwamba Cloud wake si Cloud. Kila mmoja alikuwa anaogopa kusikia sehemu ya mwenzake. Baadaye Aerith akaondoka peke yake kwenda Mji Uliosahaulika, akauawa huko, na diski ya kwanza ikaisha.

Mwenye kumbukumbu nzuri ya pale Gongaga, hasa aliyeingia na wote wawili, aje atusaidie: nani anatoka nje kwanza?