Pasi ya reli ya Babu

Rehema: Shikamooni wakubwa. Kwenye sanduku la Bibi nimekuta hii 👆🏾

Baba Mdogo: Marahaba. Hiyo pasi ya reli, mzee alikuwa akisafiri bure na familia. Ina mwaka?

Rehema: Mhuri umefifia. Juu imechapwa East African Railways and Harbours. Kutoka Nachingwea, kituo cha kwendea hakisomeki. Mke, na mtoto 1.

Hamisi: Nachingwea kuna reli? 😂 Nimepita pale, sijaona hata taruma.

Baba Mdogo: Ilikuwepo. Waingereza waliijenga kwa ajili ya ule mradi wa karanga, ulioanza 1947 ukafa 1951. Treni ikabaki inasukumasukuma hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikafungwa, reli ikang'olewa.

Shangazi Mwajuma: Mnaona? Mama akisema "baba yenu alikuwa kwenye karanga", nyie wajukuu mkajua alikuwa anatembeza kikapu.

Hamisi: 😂😂 Samahani Babu

Rehema: Nimeangalia, jina hilo la shirika lilianza 1948, reli za Tanganyika zilipounganishwa na za Kenya na Uganda. Bandari zikatengwa 1969.

Hamisi: Miaka 21 hiyo, bado hatujapata kitu.

Baba Mdogo: Soma karatasi yote wewe. Reli ya Nachingwea haikufika 1969. Halafu mtoto ni 1. Dada umezaliwa 1952, kaka 1955. Basi ni hapo katikati.

Rehema: Kwa hiyo mtoto ni Shangazi! 🥰

Shangazi Mwajuma: Ngojeni kwanza. Kabla yangu kulikuwa na kaka, alifariki mdogo. Mama hakupenda kumzungumzia. Anaweza kuwa yeye.

Rehema: Hilo sikuwahi kulisikia.

Baba Mdogo: Hata mimi nililisikia ukubwani. Kama ni yeye, pasi ni ya kabla ya 1952. Mtu wa kutuambia ni Bibi Zuhura, yeye ndiye aliyekuwa akikaa nao.

Hamisi: Naweza kuipeleka ikafunikwe plastiki isichakae?

Baba Mdogo: Thubutu! Ule moto wa mashine ukishaigandisha haibanduki tena. Bahasha ya karatasi inatosha. Rehema, tupigie picha na mgongoni.

Rehema: Mgongoni kuna maneno ya penseli, siyasomi vizuri. Nimpelekee Bibi Zuhura Jumapili?

Shangazi Mwajuma: Nenda, msomee na hayo ya mbele. Habari ya mtoto usiiguse, nitamuuliza mwenyewe.

Rehema: Sawa Shangazi.